Mguu Uliokosa Breki

Pale shule ya udereva walimwita Taratibu, na jina hilo alilichuma mwenyewe. Miaka kumi na tisa alikaa kiti cha abiria kwenye gari dogo lenye pedeli za ziada upande wake, breki na klachi, akiwarudia neno hilohilo watu wanaoshika usukani kwa mara ya kwanza: taratibu, taratibu mama, hilo gari halijakukosea kitu. Waliokwisha kupata leseni walimpigia honi wakikutana naye barabarani, naye akawainulia kidole kimoja bila kuondoa macho barabarani. Nyumbani mkewe, mshonaji wa nguo, alimwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zao wawili waliokwisha kuolewa. Alikuwa na miaka hamsini na minne, hajawahi kulazwa hata siku moja, na hilo alilisema mara nyingi kuliko ilivyopendeza.

Mwaka huo watu wa bima walitaka walimu wote wapimwe afya. Muuguzi akaja na sanduku lake, akapanga vifaa darasani chini ya mabango ya alama za barabarani, akawapima presha, sukari na macho. Wenye zaidi ya miaka hamsini wakaambiwa watatoa na damu kidogo ya ziada, ya kupima tezi dume. Wakacheka, wakasukumana kama watoto kwenye foleni. Taratibu alinyoosha mkono akiwa bado anacheka.

Majibu yalirudi baada ya wiki mbili. Presha safi. Sukari safi. Macho safi. Kipimo cha tezi dume kilisoma kumi na moja, wakati mtu wa umri wake hutarajiwa asivuke nne. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya kumpeleka kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo.

Bingwa huyo alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na chumba chake kilijaa kwa kitanda kimoja, pazia na feni inayolalamika.

"Mkojo unatoka kwa shida?"

"Hapana."

"Unaamka mara nyingi kukojoa? Umeona damu? Maumivu yoyote?"

"Daktari, mimi siumwi."

"Najua. Sijakuuliza kama unaumwa."

Kisha akavaa glavu. Kilichofanyika nyuma ya pazia kilichukua sekunde chache tu, lakini Taratibu alipofunga mkanda wake hakuweza kumtazama daktari usoni. Bingwa hakumlazimisha. Alivuta karatasi, akachora duara, akapitisha mrija katikati yake.

"Hii ndiyo tezi. Mkojo unapita hapa katikati. Mimi nimegusa kitu kigumu huku pembeni, upande wa nyuma, kidogo sana. Kiko mbali na njia, ndiyo maana hakikusumbui. Inaweza kuwa saratani, inaweza isiwe. Sitajua mpaka nichukue vinyama vidogo kwa sindano vikapimwe maabara. Kama ni saratani na bado imo humu ndani ya tezi, tuna nafasi nzuri ya kuimaliza."

"Na nisipofanya?"

"Inaweza kukaa miaka bila kukwambia neno. Ikija kukwambia, huenda imeshahama."

Akampangia Jumatano ya wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi.

Jioni hiyo mkewe alimuuliza, pini mdomoni, "Wamesemaje?"

"Presha safi," akasema. Na kweli, presha ilikuwa safi.

Jumatano alivaa shati zuri, akatoka mapema. Kwenye makutano ya kwenda hospitali aliwasha taa ya kukata kona. Alikuwa amesimama pale, taa inapiga tik, tik, tik, na kichwani anazo habari alizowahi kuzisikia kwa kinyozi, za mwanaume aliyetobolewa huko akarudi nyumbani si mwanaume tena. Akajipima. Anakula, analala, na juzi tu alipandisha mtungi wa gesi ghorofa mbili bila kuhema. Mtu wa namna hiyo akatobolewe kwa kosa gani? Gari la nyuma likapiga honi. Akazima taa, akanyoosha moja kwa moja mpaka kazini. Ile barua aliichana vipande vinne, akaitupa kwenye pipa la taka la shule. Hospitali walimpigia simu mara mbili, akawaahidi atakuja. Mara ya tatu hakupokea.

Mwaka mzima ukapita bila lolote. Hilo ndilo lililomponza, maana kila mwezi uliopita salama aliuhesabu kuwa shahidi wake.

Mwaka wa pili wanafunzi wake waligundua kwamba njia zote za mazoezi sasa zinapita kituo kimoja cha mafuta, chenye choo safi. Mwalimu anashuka, anakaa humo, anarudi, na baada ya nusu saa wanapita tena. Usiku aliamka mara tatu, baadaye mara tano. Mkewe akamtania, "Baba Pacha, umeajiriwa ulinzi?" Akaacha kunywa chai jioni. Walimu wenzake walimwambia ni umri tu, tezi huvimba kwa wanaume wengi bila kuwa saratani, na kwa wengi hilo ni kweli. Akalipokea kwa mikono miwili.

Mwaka wa tatu ukaja mgongo. Maumivu yalikaa katikati, chini kidogo ya mabega, na kinyume na maumivu ya kazi, yalizidi akilala. Alinunua mto mpya wa kiti. Mkewe akamkanda kwa dawa ya kuchua kila siku mpaka vidole vyake vikawa vinawasha. Suruali zikaanza kumpwaya, mkewe akazibana kiunoni, kisha akazibana tena, na mara ya pili akashika ile suruali mkononi kwa muda mrefu kabla ya kuirudisha kabatini.

Ndipo alipopata mwanafunzi ambaye shule nzima ilimjua kwa jina la Bibi Mkunga. Alikuwa na miaka sitini na miwili, amestaafu wodi ya wazazi, na alikuwa dereva mbovu kuliko wote waliowahi kupita pale. "Nimezalisha watoto wasio na idadi, nitashindwa na kibati hiki?" alisema siku ya kwanza, akarudi nyuma akazilaza koni nne. Aliichanganya breki na gesi kama mtu anayefanya makusudi. Lakini macho yake hayakuchanganya kitu.

"Mwalimu," alisema wiki ya sita, wakiwa wanakaribia makutano ya soko, "mgongo huo tangu lini?"

"Ni kiti hiki."

"Ukilala unapungua?"

Taratibu akausogeza mto wake wa kiti.

"Unazidi, eh?"

"Tazama barabara, bibi."

"Barabara naiona. Na wewe nakuona. Unakojoa vizuri?"

Gari likazimika katikati ya makutano. Nyuma yao honi zikaanza, moja, tatu, saba.

"Klachi chini," Taratibu alisema. "Washa. Gia ya kwanza."

"Nijibu kwanza."

"Bibi, watu wanatutukana!"

"Nimetukanwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa, hawa ni watoto. Unakojoa vizuri au hukojoi vizuri?"

Akamwambia. Hakujua kwa nini alimwambia yeye, mtu wa wiki sita, kitu ambacho hakumwambia mke aliyeishi naye miaka thelathini. Pengine ni zile honi. Alimtajia ile namba kumi na moja, Jumatano, na miaka mitatu. Mkunga hakumkemea. Aliwasha gari kimya kimya na, kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo, akaliondoa bila kulirusha.

"Kesho uende," alisema walipofika.

"Wiki ijayo. Mtihani wenu ukipita."

"Miguu je? Ina nguvu?"

"Miguu ina shida gani?" alijibu haraka mno.

Alikuwa anamficha. Tangu Jumapili ndala ya kushoto ilikuwa inamvuka mguuni bila yeye kujua. Na asubuhi ile, bafuni, maji aliyojimwagia yalikuwa ya moto tumboni, lakini yaliposhuka miguuni hayakuwa ya moto wala ya baridi.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, walikuwa wanateremka barabara ya tangi la maji. Mteremko ule unaishia kwenye njia panda ambapo malori ya saruji hukatiza siku nzima, na upande mmoja palikuwa na jengo jipya, na mbele ya jengo lundo la mchanga.

"Punguza mwendo," Taratibu akasema.

Mkunga akakanyaga. Injini ikanguruma.

"Breki, bibi. Breki!"

"Si ndiyo hii!"

Ilikuwa gesi. Chini kule lori lilikuwa linaingia njia panda, refu, likitambaa. Taratibu hakuwa na wasiwasi bado. Mara ngapi mambo haya yamemkuta? Alikanyaga breki yake. Gari likazidi kukimbia. Akakanyaga tena, kwa nguvu zote, nguvu alizozisikia zikitoka kiunoni, kisha akatazama chini. Mguu wake ulikuwa umelala ubavu juu ya zulia, mbali na pedeli. Haukuwa umesogea hata kidogo.

Mkono ukafanya kazi ya mguu. Alivuta breki ya mkono mpaka mwisho, mkono wa pili ukaudaka usukani na kuuzungusha. Gari likaserereka, likapiga ukingo, likajichomeka kwenye mchanga mpaka kioo cha mbele kikageuka kahawia. Lori likapita nyuma yao, dereva wake hata hakujua.

"Nimeua mtu?" mkunga akauliza, macho ameyafumba.

"Hapana."

"Na wewe?"

"Mguu wangu."

"Umevunjika?"

"Siusikii. Yote miwili siisikii."

Mkunga alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa upande wa Taratibu. Alimvua kiatu na soksi bila kuomba ruhusa, akapitisha ncha ya ufunguo kwenye unyayo.

"Unasikia?"

"Umeshaanza?"

Ufunguo ukapanda. Kifundo cha mguu, goti, paja. Taratibu alikuwa anatikisa kichwa tu. Ufunguo ulipofika juu ya kitovu ndipo akasema, "Hapo. Kwa mbali."

"Mara ya mwisho kukojoa?"

"Jana jioni."

Kwa wiki sita alikuwa ameuzoea uso wa mama huyu kuwa uso wa utani. Sasa akauona mwingine, ule ambao bila shaka ulijulikana wodini.

"Sikiliza, mwalimu. Kuna kitu kinaubana uti wa mgongo. Hili si la kesho wala la mchana. Tukichelewa, hutatembea tena."

Alipiga simu ya gari la wagonjwa. Wakamjibu lipo safarini, asubiri. Mafundi wa lile jengo, watano, walikuwa wameshafika, wakalisukuma gari kutoka mchangani. Mkunga akawauliza nani kati yao anajua kuendesha. Wote wakatikisa vichwa.

"Basi ni mimi," akasema, akaingia.

"Mama, huwezi. Mimi sina breki."

"Unao mdomo. Fundisha."

Ilikuwa kilomita nne. Taratibu alikuja kusema baadaye kwamba hakuna safari iliyowahi kumtisha kama ile, si kwa sababu ya uendeshaji wa mkunga, bali kwa sababu alikaa ameshikilia mapaja yake mwenyewe na kuyaona ni ya mtu mwingine.

"Kushoto klachi, katikati breki, kulia gesi. Sema."

"Klachi, breki, gesi."

"Sema tena."

"Klachi, breki, gesi. Klachi, breki, gesi." Alikuwa anayasema kwa sauti, njia nzima, kama mtu anayehesabu pumzi za mzazi. Kwenye mzunguko mkubwa gari la maji lilijitosa mbele yao bila kuashiria. Taratibu akafumba macho. Gari likasimama. Likasimama kweli, sentimita chache kutoka kwenye bomba la gari lile. Alipofumbua macho, mkunga alikuwa bado ameikanyaga ile pedeli.

"Katikati," akasema.

"Katikati," Taratibu akajibu. "Ndiyo hiyo. Gia ya kwanza, mama. Taratibu."

Aliegesha mbele ya mlango wa wagonjwa wa dharura, gari limelala kimshazari, limeziba nafasi mbili. "Nimeegesha vibaya," akasema.

Walimchoma sindano ya kupunguza uvimbe, wakampitisha kwenye mashine ya picha. Mkewe alifika na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Daktari wa zamu, kijana mwenye miwani, aliwaonyesha picha ya mgongo kwenye kioo cha kompyuta: pingili zenye mabaka, na moja iliyobonyea ikiusukuma uti.

"Hii haikuanzia mgongoni," alieleza. "Inaonekana ilianzia kwenye tezi dume. Inakua ndani ya tezi, kimya. Baadaye inavuka ukuta wa tezi, inaingia kwenye damu, na mifupani ndiko inakopenda kukaa. Huko nako inaweza kunyamaza kwa muda. Kwa hiyo leo ni siku iliyojitokeza tu, yenyewe ni ya zamani." Akafunua ukurasa mwingine. "Na kwenye kumbukumbu zetu alishawahi kufika, miaka mitatu iliyopita. Alipangiwa kuchukuliwa vinyama. Hakuja."

"Siyo yeye," mkewe akasema.

"Ni yeye, mama."

Akamgeukia mumewe. "Baba Pacha?"

Taratibu alikuwa anatazama dari.

Mkewe alitia sahihi ya kukubali upasuaji, herufi zote zimenyooka, kisha akainama karibu na sikio lake. "Mwaka mzima nakukanda mgongo. Vidole vimeniwasha mpaka nashindwa kutunga uzi. Nilikuwa nakanda nini, na wewe unajua?"

"Sikujua."

"Ulijua cha kuogopa. Hicho ulikijua, ukanificha." Akajinyoosha, akatoka nje kwenye benchi, akakaa kando ya mwanamke mgeni mwenye mchanga kwenye viatu. Walikaa hivyo mpaka Taratibu akatolewa chumba cha upasuaji, na hakuna aliyejua walizungumza nini.

Damu aliyopimwa safari hii ilisoma zaidi ya mia nane. Siku ya tatu kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Wiki ya pili alisimama akishikiliwa na watu wawili, akalia bila kujificha. Walimpiga mionzi ya mgongo, wakamwanzishia sindano za kila miezi mitatu za kuzima homoni inayoilisha saratani. Yule bingwa mfupi ndiye aliyemweleza ukweli, na hakumkumbusha chochote.

"Hatuiondoi tena. Tunaizuia. Kwa wengine ni miaka michache, kwa wengine zaidi."

Sindano zilimletea joto la ghafla, akawa analowa jasho ameketi, na tamaa ya kitandani ikamtoka. Kile alichokikimbia kwenye makutano siku ile kilimkuta vilevile, na kilikuja na wenzake. Mkewe alimuuguza kwa kila kitu isipokuwa maneno. Alimlisha, alimwogesha, alimfunga viatu, na kwa miezi miwili alizungumza naye kuhusu dawa na chakula tu. Siku moja alimkuta anajipepea kwa gazeti, shati limelowa, akamtazama, akaangua kicheko kilichomshinda hata yeye. "Mimi mwenzio nimeyapitia hayo miaka mitano tangu hedhi ikome, hukuwahi hata kunifungulia dirisha." Akalifungua. Tangu hapo wakaanza tena kuzungumza, kidogo kidogo, na si kila siku.

Bingwa alikuwa amesema pia kwamba ndugu wa kiume wapimwe. Taratibu alikuwa na mdogo wake mmoja, miaka hamsini na moja, fundi wa kuchomelea vyuma katika mji mwingine. Akampigia simu.

"Kaka, pole sana, Mungu akusimamie," mdogo wake akasema. "Lakini mimi siumwi."

Aliyasikia maneno hayo, akakata simu, akamwambia mkewe amtafutie gari la kukodi. Safari ikawachukua saa tano. Walipofika karakanani mdogo wake alivua kinyago cha kuchomelea, akaleta kiti, akaagiza soda, akaanza habari za watoto.

"Nyamaza," Taratibu akasema. "Nitazame nikisimama."

Akashika fremu yake ya kutembelea. Akasukuma. Akaanguka kitini. Mdogo wake akakimbia kumshika, mke wa Taratibu akamzuia kwa mkono kifuani. "Mwache. Anataka uone." Mafundi wengine walizima mashine. Akasukuma tena, magoti yakigonganagongana, jasho likimtiririka masikioni, mpaka akasimama wima. Ilimchukua karibu dakika nzima.

"Na mimi nilisema siumwi," akasema. "Kwa sauti hiyohiyo."

Mdogo wake alipimwa wiki hiyo. Kipimo kilisoma sita. Vinyama vikachukuliwa, na baada ya siku kumi na nne akampigia kaka yake, anapiga kelele kabla hata ya salamu.

"Ni saratani! Umefurahi? Nilikuwa nafanya kazi zangu, nalala usingizi wangu, sasa sili, silali, nina saratani!"

"Wamesema iko wapi?"

"Ndani ya tezi."

"Imetoka?"

"Wanasema haijatoka. Wanataka kuikata mwezi ujao."

"Kasirika tu," Taratibu akamwambia. "Nipo, nitukane."

Mdogo wake hakumtukana. Aliuliza, kwa sauti ambayo kaka yake hakuwa ameisikia tangu wakiwa wadogo, kama ile sindano ya kuchukua vinyama ni kawaida ikauma hata wiki mbili baadaye, na kama mkojo wenye rangi ya damu kidogo ni kitu cha kumtisha mtu. Taratibu hakujua, maana yeye aliikimbia sindano hiyo.

"Usikate simu," akasema. "Nampigia daktari kwa simu ya shemeji yako sasa hivi. Kaa hapohapo."